Bado sijawa daktari, jamani

Nikishuka tu hapa Lamu na begi langu, kwenye boti ya kutoka Mokowe, kabla sijafika mtaa wa Langoni nishaitwa "daktari" mara tatu. Nasoma uuguzi, mwaka wa pili, na digrii yenyewe ni miaka 4. Lakini nani anasikiliza?

Juzi jioni nimekaa barazani na kahawa yangu, jirani akaja na vidonge sita vya amoksilini alivyobakisha mwanawe, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. "Nimpe babake? Ana mafua." Nikamwambia mafua ni virusi, amoksilini inaua bakteria, haitamfaa kitu, tena hivyo sita mtoto alitakiwa avimalize. Akacheka. "Sasa huko chuoni mwafunzwa nini?" Akaondoka na vidonge vyake. Najua alimpa.

Bibi yangu ndiye simuwezi kabisa. Presha ikifika 170 kwa 100 anameza dawa. Akijisikia mzima anaacha, eti haumwi. Nikimweleza kuwa presha mara nyingi haina dalili, ananiuliza nitaolewa lini.

Ukikataa kutoa dawa, unaringa. Ukisema nenda hospitali, foleni ndefu, na wewe upo hapa bure. Jana mzee mmoja kanisimamisha kichochoroni, kapandisha kikoi anionyeshe goti. Nyuma yetu punda kabeba mifuko ya simiti, hana pa kupita, mwenye punda anapiga kelele, mzee hana habari: "Tazama kwanza huu uvimbe, mwanangu."

Nikautazama. Ningefanyaje?