Kanisa kongwe likijieleza, halijageuka duka

Kanisa la kale likishakarabatiwa, wazee wake hugawanyika karibu kila mara kwa jambo lilelile. Wapo wanaotaka nembo, vibao vya maelezo, kipeperushi, tovuti na mtu wa kupokea wageni. Wengine wanasema nyumba ya Mungu haitafutiwi chapa, na kwamba tukianza na nembo tutaishia kwenye kiingilio. Dar es Salaam mjadala huu unayagusa makanisa mawili ya mbele ya bandari, la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na Azania Front la Walutheri, yote mawili yaliyokamilika mwaka 1902.

Hofu ya hao wa pili si ya kubezwa. Mtu amefiwa, ameingia saa nane mchana kukaa kimya kwenye benchi la nyuma. Je, akutane na meza ya tiketi na kundi lenye kamera? Paris suala hilo lilifika hadi serikalini. Mwaka 2024, Notre-Dame ilipokuwa inajiandaa kufunguliwa tena baada ya moto wa Aprili 2019, waziri wa utamaduni alipendekeza watalii watozwe euro 5. Jimbo kuu la Paris likakataa: kuingia ni bure. Walifanya vema. Lakini waliokataa tiketi ndio haohao waliowawekea wageni utaratibu wa kujiandikisha bure mtandaoni. Mlango ulibaki bure, na mgeni bado alikuwa na wa kusema naye. Wapinzani wa chapa hapa kwetu huyachanganya mambo hayo mawili, na ndiyo maana wanaotaka vibao huonekana kama wachuuzi wa hekaluni.

Hawastahili jina hilo, kwa sababu wageni tayari wapo. Mtakatifu Yosefu linatazamana na gati la boti za Zanzibar. Boti ikishusha abiria, wachukuzi wanagombea mabegi, madereva wa teksi wanaita, na mtalii anainua simu, anapiga picha ya mnara, basi, anaondoka. Mama aliyeshuka kwenye pantoni kutoka Kigamboni akielekea Posta naye huliona paa jekundu la Azania Front mara ngapi kwa mwaka? Muulize habari za kanisa hilo, atakujibu: lilijengwa na Wajerumani. Hajakosea. Ila hayo ndiyo yote aliyowahi kuambiwa.

Na yaliyoachwa ni mazito. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki waliokuja kuanzisha misheni Pugu, nje kidogo ya mji, walishambuliwa Januari 1889, wakati pwani yote ikipambana na Wajerumani chini ya viongozi kama Abushiri. Mwaka 1891 Dar es Salaam ikafanywa makao makuu ya koloni. Kuta hizi zilipanda mbele ya serikali hiyo, si pembeni yake. Kisha ikaja 1905. Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa na makao yake hapa mjini, aliuawa na wapiganaji wa Majimaji Agosti mwaka huo akiwa safarini kusini. Katika vita hivyo, na zaidi katika njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, walikufa watu ambao makadirio yake yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Kibao kikimtaja askofu peke yake, kitakuwa kimesema kweli na kudanganya kwa pamoja. Wakitajwa wenye njaa peke yao, anayemwombea Spiss hadi leo ataona kanisa lake limemtupa. Sentensi mbili tatu zinazowabeba wote zinaandikika, ila haziandikwi na mtu aliyepewa kazi ya kuchagua rangi ya nembo. Zinahitaji padri au mchungaji, mwanahistoria, na muumini mzee anayelijua kanisa lake, wakae meza moja kabla fedha haijatoka.

Ukimya nao hauachi pengo tupu, wengine hulijaza. Mkunazini, Zanzibar, kanisa kuu la Anglikana limesimama pale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Jirani yake kuna vyumba vya chini ambavyo wageni wengi wameonyeshwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa. Watafiti wamelihoji hilo, maana jengo lenyewe liliinuliwa na misheni baada ya soko kufungwa. Unyama wa soko lile hauhitaji kuongezewa chumvi, na simulizi yenye shaka humpa asiyetaka kuamini sababu ya kukataa hata lililo wazi. Tukikaa kimya Dar es Salaam, simulizi za namna hiyo zitatungwa na kila anayetembeza watalii.

Kwa hiyo wapinzani wapewe wanachodai kwa haki: mlango bure, kamera chini wakati wa ibada, hakuna bango linaloziba ukuta wa zamani. Wenzao nao wapewe vibao, Kiswahili kikitangulia na herufi zikiwa kubwa za kusomeka bila miwani, pamoja na vijana wa kwaya au wa usharika waliofundishwa historia ili wajibu maswali mlangoni. Bajeti ianzie hapo. Nembo inaweza kusubiri mwaka ujao.