Studio ya Nyumbani Mwanza Haihitaji Kompyuta Kubwa

Vijana wengi wa Mwanza wenye kipaji cha kutengeneza muziki huahirisha kazi yao mwaka hadi mwaka wakisubiri pesa ya kompyuta kubwa, ile yenye kesi ya kioo, taa za rangi na kadi ya grafiki ya michezo, kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye video za maprodusa wa ng'ambo. Jambo hili linanisikitisha, kwa kuwa muda unaopotea hapo ni muda wa kujifunza. Msimamo wangu ni kwamba kwa studio ya chumbani katika mji huu, kompyuta inayofaa ni ile ndogo ya mtumba iliyotoka maofisini, na kwamba pesa inayookolewa iende kwenye umeme, ukimya na maikrofoni.

Ninazozizungumzia ni Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny na HP EliteDesk Mini, kompyuta za mezani zenye upana wa takriban sentimita 18 kila upande na unene usiofika sentimita nne. Maofisi ya Ulaya na Marekani huzibadilisha kwa mafungu, nasi huzipata zikiwa bado na uhai mrefu. Hata hivyo, si kila toleo linafaa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo anayeuziwa mashine ya kizazi cha sita au cha saba kwa bei ya kuvutia ajue kwamba ananunua kitu ambacho mlango wake wa mbele umeshafungwa, labda awe tayari kutumia Linux, mfumo endeshi wa bure usio wa Windows. Mimi ningetafuta yenye Core i5-8500T, prosesa ya mwaka 2018 yenye kore sita, yaani sehemu sita zinazoweza kupiga hesabu kwa wakati mmoja, iliyoundwa kwa kiwango cha wati 35.

Kwa nini prosesa ya namna hiyo itoshe? Jibu limo katika jinsi kompyuta inavyoshughulikia sauti. Programu ya kurekodi haichakati wimbo wote kwa mkupuo, bali hukata sauti katika vipande vidogo vinavyohifadhiwa kwenye bafa, yaani akiba ya muda mfupi. Ukirekodi kwa kiwango cha sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na bafa ikiwa sampuli 128, kila kipande kina urefu wa milisekunde 2.7, na prosesa inapaswa kumaliza hesabu zote za kipande hicho kabla kinachofuata hakijafika. Ikichelewa hata mara moja, utasikia mkwaruzo au sauti itakatika. Bafa ikipandishwa hadi sampuli 512, prosesa inapata karibu milisekunde 11 na kupumua, lakini mwimbaji ataanza kujisikia akichelewa kwenye hedifoni, na hapo hata mwimbaji hodari hupoteza mwendo. Kazi ya produsa ni kushusha bafa wakati wa kurekodi, kisha kuipandisha wakati wa kuchanganya.

Zipo plagini, yaani programu ndogo za kurekebisha au kuzalisha sauti, ambazo katika traki moja (njia ya sauti au chombo kimoja ndani ya wimbo) hupangwa mfululizo, kila moja ikisubiri matokeo ya iliyotangulia, na mlolongo huo hauwezi kugawanywa vizuri kati ya kore nyingi. Traki tofauti ndizo zinazogawanywa. Ndiyo maana kasi ya kore moja ina uzito kuliko wingi wa kore, na ndiyo maana kompyuta ya bei kubwa yenye kore 16 inaweza kukwama kwenye traki moja iliyojazwa plagini nzito huku kore nyingine zikikaa bure. Traki ikizidi nguvu ya mashine, igandishwe, yaani programu iigeuze kuwa faili la sauti la kawaida, nayo prosesa itaondolewa mzigo huo. Anayejua kugandisha traki anaweza kumaliza wimbo mkubwa kwenye mashine ndogo.

Kadi ya grafiki haihusiki na kazi hii kwa kiasi kinachostahili gharama yake. Kinachohusika ni kumbukumbu na diski: gigabaiti 16 za RAM katika vipande viwili vya nane, kwa sababu vinanda na ngoma za sampuli, yaani sauti za vyombo zilizorekodiwa tayari, hupakiwa humo, na SSD badala ya diski ya kuzunguka. Nafasi haina haja ya kutisha mtu. Sauti moja ya biti 24 kwa sampuli 48,000 hula megabaiti 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika tano wenye traki 16 hauzidi megabaiti 700 kabla ya kuhesabu marudio. SSD ya gigabaiti 500 itakaa nawe muda mrefu, na mashine nyingi za aina hii zina nafasi ya diski ya pili.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, ni umeme. Umeme ukikatika katikati ya rekodi, hasara haiishii kwenye faili, kwani mwimbaji aliyekuwa amepata hisia hairudishi kwa kuombwa. Tupige hesabu. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini isipotolewa zaidi ya nusu ndipo inapodumu, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo hupoteza sehemu yake, hivyo zinabaki kama wati-saa 500 za kutumia. Kompyuta ndogo, kioo chake na saundikadi (kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta) kwa pamoja vinaweza kutumia wati 60 hivi katika kazi ya kawaida, na hizo ni saa nane za studio. Kompyuta kubwa inayovuta wati 250 itamaliza akiba hiyohiyo kwa saa mbili. Kwa mtu anayeishi Buhongwa au Igoma na kutegemea muziki kula, tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya kukamilisha kazi ya mteja leo na kumwambia arudi kesho. Inveta iwe ile inayotoa wimbi safi, kwa sababu zile za bei ya chini zenye wimbi la ngazi huingiza mngurumo kwenye spika, na hakuna plagini itakayouondoa mngurumo huo bila kuharibu sauti.

Kuna jambo jingine la umeme ambalo ni la mji wetu hasa, na sielewi kwa nini halizungumzwi. Nyumba nyingi za milimani, kuanzia Isamilo hadi Mabatini na Igogo, zimejengwa juu ya mawe ya granaiti au katikati yake. Granaiti kavu haipitishi umeme vizuri, na ule ufito wa shaba unaozikwa ili kutuliza umeme ardhini mara nyingi hauingii kina cha kutosha kabla haujagonga mwamba. Kuna nyumba ambazo ufito huo haupo kabisa na waya wa tatu kwenye soketi umeishia ukutani. Dalili yake utaiona siku unapogusa chuma cha maikrofoni au nyuzi za gitaa ukahisi mwasho mdogo kwenye vidole, huku spika zikitoa mvumo mzito wa hezi 50 ambao hubadilika unapoondoa mkono. Wengi hulaumu kompyuta na kwenda kununua nyingine. Dawa ni kumwita fundi umeme mwenye leseni apime na kurekebisha njia ya ardhini, kuchomeka vifaa vyote vya studio kwenye ekstensheni moja ili vishiriki njia moja, na kutumia nyaya za XLR, zile za pini tatu zinazopunguza mvumo, kutoka kwenye maikrofoni. Kazi ya fundi huyo ningeilipia kabla sijanunua hata spika, kwa kuwa hapo si suala la ubora wa sauti peke yake bali ni la usalama wa mwimbaji.

Wapo watakaosema kompyuta mpakato inamaliza habari yote, kwa kuwa ina betri yake. Kwa produsa anayezunguka makanisani kurekodi kwaya, nakubaliana nao kabisa. Kwa studio ya chumbani nasita, kwa sababu mpakato wa mtumba mara nyingi huja na betri iliyochoka, nyingi kati ya zile nyembamba zina prosesa za wati 15 zinazopunguza kasi joto linapopanda, na chumba chenye paa la bati bila dari saa nane mchana ni cha joto kweli. Wengine watataka kujijengea kompyuta mpya kwenye mazabodi ya mini-ITX, yenye sentimita 17 kila upande, pamoja na prosesa ya Ryzen 5 5600G. Ni mashine nzuri, na mwenye uwezo asizuiwe. Lakini vipuri vya namna hiyo aghalabu huagizwa Kariakoo na kupokelewa stendi ya Nyegezi baada ya safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na mazabodi ikifika na kasoro, kuirudisha kunaweza kula faida yote.

Unaponunua ndogo ya mtumba, usiondoke dukani kabla ya kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, kwa maana baadhi ya mashine za maofisini huja zimefungwa kwa nenosiri ambalo muuzaji mwenyewe halijui. Angalia pia adapta. Adapta ya Dell ina sindano nyembamba katikati ya kichwa chake, na kupitia sindano hiyo kompyuta huitambua adapta na uwezo wake. Ukipewa ya kubahatisha isiyotambulika, kompyuta itawaka lakini prosesa itabanwa ifanye kazi kwa kasi ya chini, nawe utabaki ukishangaa kwa nini traki tano zinakwama. Kisha fungua kifuniko. Kwa mashine iliyokwisha kutumika karibu na ziwa, Kirumba au Luchelele, utakuta vijidudu vya ziwani vilivyofuata mwanga wa jioni vimekauka na kugandamana na vumbi kati ya mapezi ya aluminiamu yanayopoza prosesa, tabaka la kijivu linalotoka kwa brashi laini kama sufi. Lisafishwe, grisi ya kupozea ibadilishwe, na feni itatulia. Ukimya wa feni ndogo ni muhimu, kwani ikipata joto hulia kwa sauti nyembamba inayoingia moja kwa moja kwenye maikrofoni ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo. Waya wa USB 2.0 unaruhusiwa hadi mita tano, kwa hiyo kompyuta inaweza kukaa nyuma ya kabati na saundikadi ikabaki mezani.

Wakati wa kurekodi zima Wi-Fi, maana draiva zake mara kwa mara ndizo zinazokatisha sauti kwenye mashine isiyo na tatizo lingine lolote. Saundikadi ya nje yenye viingilio viwili inatosha kuanzia, hata kwa mpiga ngoma za bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, mradi maikrofoni moja ikae juu na nyingine mbali kidogo na ngozi ya ngoma kubwa.

Limebaki suala la programu. Programu zilizovunjwa kinga na kugawiwa kwenye flashi huleta virusi, na ni vigumu kudai haki ya wimbo wako huku ukiwa umenyima haki ya aliyeunda chombo chako. Reaper, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki, inakupa siku 60 za kujaribu ikiwa kamili, leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60 za Marekani, na faili lake la kusakinisha ni dogo kiasi kwamba halimalizi bando. Kwa anayependelea Linux, Ardour, programu nyingine ya kurekodi, ipo na inafanya kazi kubwa. Kwa Reaper, ningependekeza utaratibu huu: jifunze ndani ya zile siku 60, fanya kazi ya mteja wa kwanza, na katika malipo yake toa ya leseni kabla ya matumizi mengine.