Tabianchi darasani, kuni jikoni

Katika shule nyingi za Kenya, somo la mabadiliko ya tabianchi hufundishwa huku moshi wa kuni ukiingia dirishani. Mwalimu anachora jua na mishale ya joto ubaoni; huko jikoni mpishi anafuta machozi akikoroga githeri. Kengele ikilia, watoto wanapita kando ya rundo la magogo na hakuna anayewauliza yametoka msitu gani. Kwa maoni yangu, somo lilipaswa kuanzia kwenye rundo hilo.

Mara nyingi tunaanzia mbali, kwenye barafu ya ncha za dunia, kisha tunamaliza kwa kumwagiza mtoto apande mti. Kupanda miti ni jema. Wangari Maathai alianzisha vuguvugu zima mwaka 1977 kwa miche iliyooteshwa na kina mama. Lakini shule ikipanda miche siku ya wageni, na wiki inayofuata ikapokea lori la kuni, mtoto anajifunza kwamba mazingira ni mambo ya sherehe.

Tena tunamnyima habari njema za kwao. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa tayari unatokana na nishati jadidifu. Pale Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha mitambo tangu 1981. Loiyangalani, Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Kwa nini mtoto wa Nakuru aambiwe kuwa nishati safi ni jambo la nchi tajiri?

Na humo mna somo zito kuliko kukariri majina ya vyanzo. Mwaka 2009 ukame ulipunguza maji ya bwawa la Masinga kwenye Mto Tana hadi mitambo yake ikazimwa. Umeme wa maji ni safi, lakini huingoja mvua, na mvua ndiyo inayoyumba siku hizi. Mvuke wa Olkaria, unaopashwa moto na miamba iliyo chini ya Bonde la Ufa, haungoji masika. Waulize watoto wa gredi ya sita nchi ifanye nini hapo, uone watakavyobishana.

Kisha swali liletwe jikoni: ikiwa umeme wetu ni safi hivi, mbona chakula chetu bado kinapikwa kwa kuni? Wapime kwa mizani kuni za siku moja, wazidishe kwa siku za muhula. Wamuulize mpishi hali ya kifua chake.

Nisichokubali ni kumtwika mtoto hatia. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa shule nchini, ilhali Afrika nzima hutoa sehemu ndogo sana ya hewa ya ukaa ya dunia. Aambiwe hivyo waziwazi. Ana haki ya kukasirika, na ana haki ya kudai.

Hesabu ya kuni ikikamilika, basi, wanafunzi wapewe nafasi mbele ya halmashauri ya shule na wazazi, wala isiwe ngonjera ya kuwafurahisha wageni. Waseme muhula huu tumechoma kilo kadhaa, zimegharimu shilingi kadhaa, na jiko sanifu linalotumia kuni chache linauzwa kiasi fulani. Mwenyekiti awajibu litanunuliwa lini, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.