"Vumilia" siyo ushauri jamani

Juzi nimeenda kumuona mzazi, mtoto ana siku nne. Ananyonyesha huku vidole vya miguu kavikunja, kang'ata kona ya shuka, machozi yanamtoka, na wanawake watano tumemzunguka tunasema nini? Vumilia mama, ndo uzazi huo. Hongera zetu!

Mi nilivumilia wiki mbili na kifungua mimba wangu. Chuchu zimepasuka mpaka damu, mtoto akianza kulia tu mwili unanisisimka kwa woga, halafu naambiwa maziwa yangu mepesi ndo maana hashibi. Kumbe alikuwa ananitafuna ncha tu, na hakuna hata mmoja aliyeinama kumuangalia mdomo.

Mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi. Mgeuze mwili wote akuelekee, tumbo kwa tumbo, pua ndo iwe mkabala na chuchu, umguseguse mdomo wa juu nayo halafu usubiri. Nimesema usubiri! Akiachama kama anapiga mwayo ndo unamsogeza chap, kidevu kitangulie kugusa titi, ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu iingie zaidi ile ya upande wa chini kuliko ya juu. Na mtoto ndo anafuata titi, siyo wewe umuinamie kama umedondosha sindano. Halafu wale wa kusukuma kichwa muache, ukimsukuma kisogo na yeye anasukuma kurudi nyuma, shika mabega na shingo.

Haya, maumivu ya sekunde chache mwanzoni siku za kwanza nakubali, shingo upande. Yakiendelea mtoe, ila usimvute, penyeza kidole kidogo kisafi pembeni ya mdomo hewa iingie, anaachia mwenyewe, unaanza upya hata mara sita. Titi likiwa gumu kama jiwe kamua kidogo kwanza. Na kama unamuweka vizuri na bado inauma, mpeleke kwa mtaalamu, wengine ulimi umeshikwa kwa chini.

Yule mzazi nikamuomba nimuangalie. Mashavu ya mtoto yanabonyea ndani kama anavuta mrija! Tukamtoa, tukarudia, ya tatu ndo akashika, mdomo wa chini umebinuka nje, mara tunasikia anameza, na mama kaachia shuka.

Shangazi mtu pale pembeni: "Si nilisema avumilie tu?"