Hedi ya mtumba nayo ipimwe

Gari limechemsha, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Fundi anafungua silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini chenye valvu, anaigeuza mara mbili, anatoa hukumu: "Hii imekufa bosi, nenda Gerezani ukachukue nyingine," yaani ya mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Dar. Hapo ndipo ninapogombana na mafundi. Imekufa kwa kipimo gani?

Hedi inavuliwa valvu, inasafishwa, inapelekwa kupimwa presha. Njia za maji zinazibwa, hewa inasukumwa ndani, kisha hedi inazamishwa kwenye maji. Mapovu yakitoka, kuna ufa. Maji yawe ya moto, maana zipo nyufa zinazofunguka pale tu chuma kinapopata joto. Halafu uso wake unapimwa kwa rula iliyonyooka na feela geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa injini nyingi ndogo za petroli, kupinda kunakovumilika hakufiki hata milimita 0.1.

Kama haina ufa na imepinda kidogo, msimamo wangu ni mmoja: tengeneza hiyohiyo. Iskimiwe, yaani uso uchongwe kwa mashine unyooke, valvu na siti zinapokalia zisagwe, sili ziwe mpya.

Wenye dizeli wasikimbilie mashine. Ukichonga uso wa hedi, valvu zinasogea karibu na pistoni, na kuna watengenezaji wasioruhusu hedi zao kuchongwa kabisa. Tena, kama kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, inakaa juu ya hedi, hedi ikipinda na njia ya kamshafti imepinda. Kuchonga chini hakunyooshi juu. Ilaze kamshafti mahali pake, funga vishikizo vyake, izungushe kwa mkono. Ikikaza, hedi hiyo si ya kuskimu tu.

Ufa ni habari nyingine. Chukua 1KZ-TE, ile dizeli ya lita 3.0 ya Prado na Hilux Surf. Hedi yake ya aluminiamu inajulikana kwa kupasuka kati ya valvu. Mtu imempasukia, anakwenda kununua ya mtumba ya injini ileile, wala haulizi ile injini ilichinjwa kwa sababu gani! Aluminiamu iliyopata moto kupita kiasi hulainika. Dukani imeoshwa, inang'aa. Ukishaifunga, gasketi, kile kizibo bapa kinachokaa chini ya hedi, inaungua tena. Kwa injini kama hiyo nunua hedi mpya, hata kama haikutoka Toyota kwenyewe. Mfuko ukikulazimisha kwenye mtumba, kubaliana na muuzaji ikapimwe presha kabla hela haijatoka. Akianza kukuapia kwamba ni nzima, nenda duka la pili.

Bei ya hedi msiihesabu peke yake. Kilichochemsha gari bado kipo: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, maji ya kisima badala ya kuulanti, ile dawa maalumu ya kupozea injini. Bolti zile zinazovutika zikikazwa hazirudiwi. Na thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, irudishwe, tafadhali. Sijui nani aliwaambia mafundi wetu kwamba nchi za joto haziihitaji.