Seli Zikifa Maabarani, Je, Mgonjwa Atapona?

Kabla mgonjwa wa saratani hajaanza dawa zitakazomtapisha na kumnyonyoa nywele, kwa nini kipande cha uvimbe wake kisipelekwe maabara, seli ziwekewe dawa mbalimbali, ionekane ni ipi inayoziua? Bakteria hupimwa hivyo kila siku.

Mwaka 2018 watafiti wa London walitoa matokeo ya oganoidi, yaani vivimbe vidogo vilivyooteshwa kutoka kwa wagonjwa wa saratani za mfumo wa chakula zilizosambaa. Dawa zilizoshindwa maabarani zilishindwa na mwilini pia, bila kukosea. Zilizofaulu maabarani zilimsaidia mgonjwa mara 88 katika kila 100. Kwangu mimi, thamani kubwa ya kipimo iko kwenye ile hesabu ya kwanza: kumwepusha mtu na sumu isiyomfaa.

Uholanzi walikwenda mbali zaidi, wakakiachia kipimo kichague dawa. Utafiti wao, SENSOR, ulisajili wagonjwa 61 wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Oganoidi za wagonjwa kadhaa hazikuota, na kuna wagonjwa waliozidiwa wakisubiri majibu. Waliofikia kupewa dawa iliyochaguliwa walikuwa 6 tu, na hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulisinyaa kwa kiwango cha kuhesabika. Inauma.

Sahani ya maabara haina ini la kuvunja dawa, haina mishipa ya damu wala askari wa kinga. Kwa tiba ya mionzi, ambayo nayo hujaribiwa hivyo kwenye seli, tatizo ni oksijeni: katikati ya uvimbe kuna seli zenye uhaba wa hewa hiyo, na hizo huistahimili mionzi kuliko zile zinazoipata tele maabarani. Tena kipimo cha kuhesabu makoloni, yaani vikundi vinavyoota kutoka kwa seli zilizonusurika, kilichotumiwa na watafiti Puck na Marcus mwaka 1956 kupima mionzi, huweza kuchukua wiki mbili au zaidi.

Saratani za damu zinatia moyo, kwa kuwa seli zake hupimwa bila kungoja ziote. Huko Vienna, katika matokeo ya 2022, wagonjwa 56 walitibiwa kwa kufuata kipimo. Asilimia 54 walikaa bila ugonjwa kusonga mbele kwa muda ambao ni angalau mara 1.3 ya ule wa tiba iliyotangulia. Ila hakukuwa na kundi la kulinganishia.

Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilishauri mwaka 2004, na tena 2011, vipimo hivi visitumike nje ya tafiti. Nakubaliana nacho, hasa pale familia inapotakiwa kulipia. Aliyemaliza tiba zote zinazojulikana aingizwe kwenye utafiti, na gharama ibebwe na utafiti wenyewe.