Ile A ya Mwisho Kando ya Reli

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa, mtu alituma picha ya ukuta ulio kando ya reli, hapa Namuwongo, Kampala, akaandika: "Wahuni wameanza tena kuchafua. Tuwatafute." Wengine wakaitikia mmoja baada ya mwingine. Chai yangu ikapoa mkononi.

Ukuta huohuo umebeba kwa miaka namba za simu za waganga wanaorudisha waume waliotoroka na kutoa majini, zimepakwa kwa rangi nyeusi, nyingine juu ya nyingine. Hakuna aliyewahi kupiga picha akalalamika. Limekuja neno moja lililoandikwa kwa akili na kwa mapenzi, ndipo tumekumbuka usafi. Imeniuma, nami siwezi kunyamaza.

Neno lenyewe ni HAPA. Herufi nne, kila moja inanizidi kimo.

Niliwahi kufanya kazi kwa fundi wa mabango kule Katwe, kabla mashine za kuchapa mabango ya plastiki hazijatunyang'anya mkate. Fundi wangu alikuwa akiniona nimeshika rula anaichukua anaiweka mbali. "Nafasi haipimwi kwa rula, inapimwa kwa jicho." Weka L kando ya A, uziachie nafasi ileile uliyoiacha kati ya H na I, na neno litaonekana lina pengo la jino. Ilinichukua karibu mwaka mzima kulielewa hilo. Huyu kijana aliyeandika HAPA analijua. H yake imesimama kwa miguu miwili minene, na kile kijiti cha katikati kimeshushwa, kama mtu aliyejifunga kanga chini ya kiuno. A ya kwanza imeegemea bega la H, hata imekatwa kidogo. P imetoa tumbo. A ya mwisho haifanani kabisa na ya kwanza: imeinamisha kichwa na kunyoosha mguu mmoja. Mwandishi mvivu angeirudia A yake akaenda nyumbani. Ukipima upana wa nafasi zile hazilingani hata kidogo, lakini jicho linateleza kutoka H hadi mwisho bila kukwama popote.

Halafu rangi. Mwili wa herufi ni damu ya mzee. Upande wa juu, pale jua linapopiga asubuhi, amepitisha manjano ya embe bivu. Bluu ameiweka mahali pamoja tu, ndani ya tumbo la P, na kwa sababu ni pamoja tu, ndipo unapopaona kwanza ukiwa bado uko mbali. Angekuwa nayo kopo zima akaimwaga kila mahali, isingesema kitu.

Makopo ya kupuliza tunayoyapata kirahisi Kampala ni yale ya kupakia magari. Rangi zake ni chache na bei yake inauma. Kwa hiyo anajaza herufi kwa rangi ya maji, anayoichanganya kwenye jerikeni iliyokatwa, kwa brashi na rola, na kopo analitunza kwa mstari wa nje peke yake. Sogea karibu uone brashi ilivyopita: kwenye miguu inashuka wima, kwenye tumbo la P inazunguka. Herufi inaonekana ina nyama.

Na chini kabisa, kwenye nyayo za herufi zote, kuna utepe wa rangi ya udongo wetu mwekundu. Nilidhani amepungukiwa rangi. Nilimkuta siku moja nikamuuliza. "Mvua itapaka tu, mzee," akaniambia. "Afadhali nianze mimi." Tangu hapo mvua imenyesha mara kadhaa, matope yameruka, na huwezi kujua brashi yake imeishia wapi na mvua imeanzia wapi.

Kuna aliyeandika kwenye lile kundi kwamba haya ya kuchora majina ukutani, grafiti, ni mambo ya Wamarekani. Chanzo chake ni huko, nakubali: Philadelphia na New York, mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1971 gazeti la New York Times liliandika habari za kijana aliyejiita TAKI 183, aliyejaza jina lake mjini kote. Lakini maneno makubwa katikati ya pindo yenye nakshi, mama zetu wamejifunga viunoni tangu zamani, na kila kanga ina jina lake. Tazama vile vidoti vinavyoizunguka HAPA. Ni pindo lile.

Tena ameandika Kiswahili, mjini ambako wengi bado wakikisikia wanakumbuka askari waliokitumia na amri zao za kulala chini. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe shule za msingi na sekondari. Vizuri. Ila mimi sijaona bango la ofisi yoyote lililokiandika kwa uzuri huu.

Hakumwomba mwenye ukuta ruhusa. Hilo ni kosa, nami nilimwambia. Na zile sura za watu anazochora upande wa pili hazijanigusa. Macho yake yote yanafanana. Arudi kwenye herufi.

Jumapili nilimpeleka mama. Amezaliwa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yake alikuwa fundi wa mataruma, na reli hii iliyofika Kampala mwaka 1931 anaizungumzia kama ndugu wa damu. Nyumba aliyozaliwa haipo tena. Macho yake sasa ni hafifu, nikamsogeza hadi karibu. Akapitisha kidole juu ya mstari mweusi, herufi moja baada ya nyingine, akisoma taratibu kwa sauti. Alipofika mwisho alisimama muda mrefu.

"Hii A," akasema, "mbona kama mtu amekaa chini kupumzika?"

Kisha akaniomba nimtafutie kitu cha kukalia.